Nani Alipe Nauli ya Fedha za Simu?

Mnada wa mifugo wa Pugu, pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, ni mahali pafaapo sana kuipima habari ya fedha za simu. Hapo hushushwa ng'ombe waliotoka Shinyanga, Mwanza, Tabora, Singida na Dodoma, na hapo ndipo wachinjaji wa Vingunguti na wafanyabiashara wengine huwakuta wenye mifugo uso kwa uso. Ng'ombe mmoja aliyenona aghalabu huzidi bei ya shilingi milioni moja. Zamani fedha hizo zilikuja zimefungwa kiunoni ndani ya mkwiji, na mwenye nazo hakupata usingizi njiani. Leo ada za Serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo kila mtu huiita kontrol namba, na mswaga ng'ombe hutumiwa ujira wake kwa simu. Lakini ile fedha nzito, bei ya mnyama mwenyewe, wako wengi ambao bado hupenda kuihesabu mkononi.

Wako watakaosema kwamba huo ni ushamba. Sisi hatuafikiani nao. Mwenye ng'ombe ni mtu wa hesabu. Anajua kwamba fedha zikiingia katika simu yake zitamlazimu kuzitoa kabla ya kununua mahindi, dawa ya kupe au nafasi katika lori la kurudia, na kwamba kuzitoa kuna ada.

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Wafilipino walianza kutumiana fedha kwa simu tangu mwaka 2001, na kampuni ya pili ya huko ikafuata mwaka 2004. Katika nchi kadhaa za Afrika watu walikwisha kugundua wenyewe kwamba muda wa maongezi waweza kutumwa na kuuzwa kama fedha. Machi 2007 Safaricom ya Kenya ikaanzisha M-Pesa. Mwaka 2008 Vodacom ikaileta Tanzania, na mwaka huohuo Zantel, kampuni iliyozaliwa Zanzibar, ikawa na Z-Pesa yake. Kwa mtu wa Visiwani jambo hili halikuwa geni hata kidogo. Babu zake waliijua hawala: fedha hazisafiri, linasafiri neno, na upande wa pili yuko mtu mwaminifu wa kulilipa. Wakala wa simu ni mtu huyohuyo, isipokuwa sasa neno lenyewe hubebwa na mitambo.

Nyuma ya neno hilo lazima ziwepo fedha halisi. Kila shilingi ionekanayo katika simu hupaswa kuwa na mwenzake katika akaunti ya amana benki, na kanuni za mwaka 2015 zilizofuata Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa zimelikaza jambo hilo. Akaunti hizo huzaa faida. Mwaka 2014 Tigo iliwagawia wateja wake faida hiyo, jambo lililostaajabisha wengi waliodhani kwamba faida siku zote ni ya mwenye kampuni tu. (Visiwani, ambako suala la riba si dogo, gawio la namna hiyo lahitaji maelezo ya kina, na hatudhani kwamba kampuni zimewahi kuyatoa ya kutosha.) Mwaka 2014 vilevile ndipo kampuni zetu zilipoanza kukubaliana kupokeana fedha mtandao kwa mtandao, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Hapo Tanzania ilikuwa mbele ya nchi nyingi.

Kisha ikaja tozo. Tarehe 15 Julai 2021 Serikali ilianza kutoza miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja, kwa madhumuni ya kujenga vituo vya afya, madarasa na barabara. Madhumuni hayo hayana ubishi. Lililokosewa ni mahali pa kutoza. Mtu aliyemtumia mama yake shilingi elfu hamsini alitozwa katika kutuma, na mama akatozwa katika kutoa, juu ya ada ya kampuni. Kelele za wananchi zilikuwa kubwa. Septemba ya mwaka huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na bajeti ya 2023/24 ikafuta ile ya kutuma. Ya kutoa taslimu haikufutwa katika bajeti hiyo. Uganda ilikuwa imepita njia hiyo mwaka 2018 na kulazimika kupunguza miezi michache baadaye. Ghana ilianza yake mwaka 2022, ikaifuta mwaka 2025. Wakati huohuo India tangu 2016, na Brazili tangu Novemba 2020, zilijenga mifumo ya taifa ambayo raia wa kawaida hutuma fedha bila ada. Benki Kuu yetu nayo inao mfumo wake, TIPS, unaounganisha benki na simu. Njia imekwisha kujengwa. Kinachobaki ni nauli.

Nauli hiyo humwelemea zaidi mtu wa kisiwani. Pugu fedha huingia na kutoka siku nzima, hivyo wakala hakosi taslimu. Katika kisiwa kidogo mambo huenda upande mmoja: watoto walio mjini hutuma, wazee hutoa, wanaoweka ni wachache. Wakala akiishiwa noti hana budi kufunga kibanda na kupanda chombo kwenda benki, na mzee hungoja hadi kesho. Akingoja hupata pia ule ujumbe mashuhuri, "ile pesa tuma kwenye namba hii", na asiyejua kusoma, aliyekwisha kumpa mjukuu namba yake ya siri, hana ngao.

Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii Aprili 2016 kwa kila mkazi aliyetimiza miaka 70, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi wakati huo. Katika kiasi kama hicho hata shilingi elfu moja ya kutolea ni kipande cha mkate. Kwa hiyo tunasema hivi kwa wahusika wa pande zote mbili za Muungano: popote Serikali inapochagua kumlipa mwananchi kwa simu, iwe ni pensheni, ruzuku ya kaya maskini au malipo ya mkulima wa karafuu, ada ya kutoa ilipwe na mlipaji, nayo ihesabiwe katika bajeti tangu mwanzo. Na kampuni zinazopewa kazi hiyo zitakiwe kwa mkataba kumfikishia wakala wa kisiwani noti zake kabla ya siku ya malipo, badala ya kumwacha azifuate kwa nauli yake mwenyewe.