Hadisi mpya inatoka wapi?

Kila mwaka mwezi wa kumi unapofika, viongozi wa vijana na wa ekodimu hutuuliza: "Mchezo wa Noeli uko tayari?" Sisi tunaoandika michezo ya kuigiza na hadisi za kusomwa redioni hujibu kwamba tunautayarisha. Ukweli ni kwamba kaye iko wazi mbele yetu na haina hata neno moja. Wengi hufikiri kwamba mwandishi wa hadisi huishiwa maneno. Maneno tunayo. Tunachokosa ni jambo la kusimulia ambalo kanisa halijalisikia tayari.

Tuseme wazi: kwa miaka mingi tuliandika hadisi moja tu. Binti anatoka kijijini, anaenda Goma ao Bukavu, anapata marafiki wabaya, anaanguka, anarudi nyumbani akilia, na mchungaji anamwombea. Mwaka uliofuata binti aligeuka kuwa kijana wa kiume, na mji ukawa machimbo ya dhahabu. Watoto waliokaa mbele walikuwa wakitamka maneno ya mchezaji kabla yeye mwenyewe hajafungua kinywa. Tulicheka pamoja nao, lakini ilituuma.

Tulipochunguza tuliona sababu. Tulikuwa tukianza na fundisho. Kwanza tuliandika juu ya karatasi: "Watoto wawatii wazazi," kisha tukatafuta watu wa kulibeba fundisho hilo. Mtu aliyetafutwa kwa njia hiyo hana njaa yake mwenyewe wala hofu yake. Anangoja tu kufika mwisho ambao tumekwisha kumpangia. Bwana Yesu hakufanya hivyo. Alitwaa shilingi iliyopotea ndani ya nyumba, chachu katika unga, mtu anayegonga mlango wa rafiki yake usiku wa manane akitaka mikate mitatu. Mama yeyote wa kwetu aliyewahi kutafuta franka zake chini ya kitanda kwa mwanga wa taa anamjua yule mwanamke wa Luka 15.

Wengine waliotutangulia walieleza namna hadisi zao zilivyowajia. John Bunyan, Mwingereza aliyekuwa fundi wa kuziba masufuria, alifungwa katika mji wa Bedford mwaka 1660 kwa sababu ya kuhubiri bila ruhusa, akakaa gerezani karibu miaka 12. Kitabu chake juu ya Mkristo anayesafiri na mzigo mgongoni kilitolewa mwaka 1678. Katika utangulizi anasema kwamba hakukitafuta. Alikuwa akiandika kitabu kingine juu ya mwendo wa watakatifu, na ghafula mfano wa safari ukaingia, mawazo yakazidi kuongezeka, mpaka akaona afadhali ayaweke kando yasije yakameza kile alichokuwa akiandika. Sisi tunaongeza jambo moja: fundi wa masufuria hutembea kijiji kwa kijiji, na matope yale ya safarini Bunyan aliyajua kwa miguu yake.

C. S. Lewis, aliyezaliwa Belfast mwaka 1898, alisema kwamba hadisi yake ya simba Aslan, iliyotolewa mwaka 1950, ilianza na picha moja kichwani: kiumbe wa hadisi za kale, nusu mtu nusu mbuzi, akipita katika msitu wenye theluji na mwavuli na vifurushi. Picha hiyo alikuwa nayo tangu umri wa miaka 16 hivi. Alipofika karibu 40 ndipo akajaribu kuifanya hadisi. Simba alikuja baadaye, na Lewis hakujua alitoka wapi. (Msimamizi wa mchezo wa Noeli hawezi kutungojea muda huo wote.) Na hapa nchini, marehemu Zamenga Batukezanga alichota vitabu vyake katika mambo ambayo watu wa Kongo huzungumza nyumbani: kijiji na mji, familia, hofu ya uchawi.

Kwa hiyo siku hizi tunatembea na kaye ndogo, na tunaandika kitu tulichokiona pamoja na swali moja. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, watu wa Goma walikimbia, kila mmoja na alichoshika mkononi. Jirani mmoja alibeba picha ya harusi na kusahau viatu. Tuliandika: kwa nini picha? Nani yumo? Na kama wale wawili walikuwa hawasemezani tangu mwezi mzima? Hapo watu wameanza kutembea wenyewe, na fundisho, kama lipo, litawafuata nyuma.

Lakini njia hiyo ina hatari, na tuliijua kwa kosa letu. Hapa kwetu, karibu kila mtu anayekaa kwenye benchi la kanisa ana habari yake ya vita. Mwaka mmoja tuliandika mchezo juu ya mama mjane aliyeuza mbuzi wake wa mwisho ili akomboe mtoto aliyetekwa. Habari hiyo tuliisikia nyumbani kwake, katika maombi. Tulibadilisha jina tu. Wachezaji walipofika kwenye mbuzi, mama alisimama, akajifunga kitenge chake vizuri, akatoka. Kanisa lote lilijua. Miezi miwili hatukumwona ibadani. Tulipokwenda kuomba msamaha pamoja na mzee wa kanisa, alituambia: "Niliwaeleza ili mniombee."

Ndipo tulipomsoma Nathani upya, katika 2 Samweli 12. Daudi alikuwa amemtwaa mke wa Uria na kumfanya Uria auawe vitani. Nathani alimletea tajiri mwenye mifugo mingi na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja. Ndani ya hadisi hiyo hakuna vita, hakuna jumba la mfalme, hakuna mke wa mtu. Alichokiacha ni kile tu kinachochoma: mwenye vingi amemnyang'anya mwenye kimoja. Na Daudi, aliyechunga kondoo tangu ujana, alikasirika kabla ya kujua kwamba ni yeye. Bathsheba hakusimamishwa mbele ya watu.

Tunajaribu kufanya vile. Tunashika swali, tunabadilisha kazi, mahali, kitu, hata umri. Ikiwa mwenye habari bado anaweza kutambuliwa, tunamwendea na kumwomba ruhusa. Akikataa, tunaacha. Tuna hadisi mbili nzuri, pengine nzuri kuliko zote tulizoandika, ambazo hazitachezwa kamwe.

Mchezo wa mwaka huu una mzee mmoja na mjukuu wake, wageni katika mtaa, na cherehani ambayo hawajui kuitumia lakini hawakubali kuiuza. Yule mama tulimpelekea karatasi mapema. Alisoma polepole, akarudisha, akasema mzee anaongea sana, na kwamba mtoto ndiye anapaswa kukataa kuuza. Tumebadilisha.