Timu Iliyokataa Kuwaacha Wachezaji Wake Wawili

Katika mwaka 1951 timu ya mpira ya Chuo Kikuu cha San Francisco, huko Marekani, ilicheza michezo tisa na ikashinda yote tisa. Hata hivyo mwisho wa mwaka haikupata kombe wala mwaliko, na baada ya muda mfupi ikavunjwa. Jambo hilo lataka kuelezwa, maana timu hiyo haikushindwa na timu nyingine yoyote.

Yafaa kwanza wasomaji wa Kitui na Makueni wafahamu kwamba mpira unaozungumzwa hapa si kandanda wanayoiona katika viwanja vya shule na masoko ya kwao. Mpira wa Kimarekani una umbo la yai, na huchukuliwa kwa mikono. Kila upande una watu kumi na mmoja, na uwanja una urefu wa yadi 100. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa manne mengine, na isipofaulu mpira huenda kwa adui. Mchezaji akiufikisha mpira nyuma ya mstari wa mwisho timu yake hupata pointi sita. Wachezaji huangushana kwa nguvu nyingi, ndiyo sababu huvaa kofia ngumu na mavazi mazito mabegani.

Chuo cha San Francisco ni chuo cha mapadre wa Kijesuiti, kilichoanzishwa mwaka 1855. Hakikuwa chuo kikubwa wala tajiri. Baadhi ya vijana wake walikuwa wametoka vitani, kama Gino Marchetti, mwana wa wazazi wa Kiitalia, ambaye alipigana Ulaya katika Vita Kuu ya Pili. Mwalimu wa timu, Joe Kuharich, alikuwa mtu mkali, na mazoezi yake yaliwachosha vijana kuliko michezo yenyewe.

Katika timu hiyo walikuwamo Wamarekani weusi wawili. Wa kwanza alikuwa Ollie Matson, mzaliwa wa Texas, mwenye mbio za ajabu. Wa pili alikuwa Burl Toler, mzaliwa wa Memphis katika jimbo la Tennessee, aliyesifiwa kwa kuzuia na kuangusha adui. Mwaka 1951 Matson alikimbia na mpira jumla ya yadi 1,566, na hapakuwa na mchezaji wa chuo chochote katika Marekani nzima aliyempita. Timu iliposafiri mpaka New York kucheza na chuo cha Fordham, Matson aliupokea mpira mara mbili karibu na mstari wa kwao, akakimbia nao takriban uwanja mzima mpaka mwisho. San Francisco ilishinda 32 kwa 26, na huo ndio mchezo pekee uliowatia hofu kweli. Chuo cha Pacific walikifunga 47 kwa 14. Mwezi wa Novemba walimaliza kazi kwa kukifunga Loyola 20 kwa 2.

Sasa ni lazima kueleza desturi nyingine ya Wamarekani. Wakati ule, mwanzoni mwa Januari, vyuo vilivyofanya vizuri vilialikwa katika michezo mikubwa iitwayo ya Bakuli, kwa sababu ya umbo la viwanja vyake vya kwanza. Hakuna chuo kilichojiingiza chenyewe, bali kamati za mji wenye uwanja ndizo zilizochagua. Chuo kilichoalikwa kilipata heshima, na tena kilipata fedha nyingi. Kwa San Francisco fedha hizo hazikuwa jambo dogo, maana mpira ulikuwa umekiletea chuo hasara, na watazamaji waliolipa kiingilio hawakutosha kugharimia safari na malipo ya walimu.

Miji iliyokuwa na Bakuli nyingi ilikuwa ya kusini. Huko, katika mwaka 1951, sheria na desturi ziliwatenga watu weusi na weupe katika shule, hoteli, mabasi na hata viwanja vya michezo. Wazee wa Ukambani waliofanya kazi Nairobi katika miaka ile hawahitaji maelezo marefu juu ya jambo hilo, maana waliijua kalabaa kwa macho yao, na milango ya hoteli waliyokatazwa kuingia waliikumbuka.

Kama wachezaji wenyewe walivyosimulia baadaye, habari iliwafikia kwamba mwaliko ungeweza kupatikana, lakini kwa sharti moja: Matson na Toler wabaki nyumbani. Jibu halikuhitaji mkutano. Vijana weupe wa timu hiyo walikataa wote, wakasema kwamba wataenda pamoja au hawaendi kabisa. Ikumbukwe kwamba wengi wao walijua hali ya fedha za chuo, wakajua pia kwamba mchezo ule ungewatangaza mbele ya timu za kulipwa. Kukataa kwao kulikuwa na gharama, nao waliilipa. Tarehe 1 Januari 1952 Bakuli la Chungwa katika mji wa Miami lilichezwa na Georgia Tech na Baylor, vyuo viwili vya kusini ambavyo havikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Chuo cha San Francisco kiliacha mpira wa ngazi ile, wala hakikuurudia tena.

Timu ilivunjika, lakini watu wake hawakupotea. Wachezaji tisa waliingia katika mpira wa kulipwa, na watatu miongoni mwao, Matson, Marchetti na Bob St. Clair, wakapewa nafasi katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo. Kijana aliyekuwa akiandika habari za timu kwa magazeti, Pete Rozelle, alipanda hata akawa mkuu wa ligi nzima ya kulipwa kuanzia mwaka 1960 mpaka 1989. Matson naye kwanza alikwenda katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952, akarudi na nishani ya shaba katika mbio za mita 400 na ya fedha katika mbio za kupokezana vijiti.

Toler ndiye aliyepata bahati ngumu. Mwaka 1952 aliumia goti, na njia ya mpira wa kulipwa ikafungwa kwake. Akashika kazi ya ualimu katika mji wa San Francisco, akawa mkuu wa shule, na mwaka 1965 akawa mwamuzi mweusi wa kwanza katika ligi ile ambayo hakuweza kuicheza. Aliamua michezo kwa miaka ishirini na mitano, akiwa na filimbi mbele ya maelfu ya watu, pamoja na watu wa miji ya kusini.

Mwaka 2006, miaka hamsini na mitano baada ya michezo ile tisa, chuo kiliwaita wachezaji waliokuwa hai bado na kuwapa shahada za heshima. Toler alifariki mwaka 2009, na Matson mwaka 2011.