Kisii: Mji uliozaliwa kwa mkuki na bunduki

Wazee wa jamii ya Abagusii wana majina mengine ya mji wa Kisii. Huuita Getembe, jina la mahali penyewe, au Bosongo, yaani Uzunguni. Hili la pili ndilo linalofichua asili yake.

Kabla ya 1907 wenyeji hawakuwa na mji. Waliishi migongoni mwa vilima, kila ukoo na eneo lake. Mwaka huo Waingereza, waliokuwa wamewashambulia mnamo 1905, walijenga kituo cha utawala Getembe. Masimulizi yashikilia kwamba nabii Sakawa alikuwa ameshatabiri ujio wa wageni hao.

Januari 1908, Otenyo Nyamaterere, akichochewa na mtabiri Moraa Ng'iti, alimchoma mkuki mkuu wa wilaya, Geoffry Northcote. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa Gavana wa Hong Kong. Kisasi kilikuwa cha kutisha. Vijiji viliteketezwa, mifugo ikatwaliwa na watu wakauawa kwa wingi hata Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, akalalamika kutoka London. Otenyo naye aliuawa. Kwa mujibu wa masimulizi ya wenyeji, kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Uingereza, na dai la kutaka kirejeshwe limerithiwa kizazi hadi kizazi.

Septemba 1914, wanajeshi wa Kijerumani walivuka mpaka wakauteka mji. Baada ya mapigano ya tarehe 12 pande zote mbili zilirudi nyuma. Wenyeji, wakiamini kwamba utawala wa Mzungu umekwisha, waliingia wakapora ofisi, maduka na misheni ya Nyabururu. Ni vigumu kuwalaumu, maana miaka sita tu ilikuwa imepita tangu ng'ombe wao kuswagwa. Waingereza waliporejea, waliwatoza faini ya ng'ombe tena.

Kwa miongo kadhaa Kisii ilikuwa makao makuu ya wilaya ya Kavirondo Kusini, iliyojumuisha pia Waluo na Wakuria. Kituo kilichokusudiwa maofisa wachache leo kina chuo kikuu, hospitali ya rufaa na msongamano wa magari usiokwisha, kwa kuwa vilima havikuacha nafasi ya kupanua barabara. Katika soko la Daraja Mbili, wakulima wa Kisii na Nyamira huteremsha ndizi na mboga, na kwa bidii yao Uzunguni pamegeuka kwao.