Mwanga Baridi: Istilahi ya Utoaji Nuru katika Silikoni, Polima na Mchanga wa Mumba

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili namna ya kukieleza kwa Kiswahili kitendo cha maada kutoa nuru pasipo kuungua. Katika matumizi ya kawaida, moto, jua na taa vyote huwaka, ilhali sufuria iliyosuguliwa hung'aa ingawa haina nuru yake yenyewe. Vitenzi hivyo havikidhi mahitaji ya fizikia. Kimulimuli, ambaye huangaza bila kuunguza, ni mfano ulio karibu zaidi. Kutokana naye tunapendekeza istilahi mwanga baridi.

2.0 Silikoni na Polima

Silikoni ya kawaida karibu haitoi nuru. Mwaka 1990 Leigh Canham wa Uingereza alionyesha kuwa silikoni iliyotobolewa vitundu vidogo mno, kwa asidi na umeme, hutoa nuru nyekundu inapomulikwa kwa miale ya urujuanimno. Sehemu zinazobaki kati ya vitundu ni nyembamba kiasi cha kuzibana elektroni, na nishati zinazoitoa hufikia kiwango cha nuru ionekanayo. Mwaka huohuo watafiti wa Cambridge walieleza polima ambayo katika mnyororo wake vifungo vya kaboni, kimoja na maradufu, hupokezana. Ilipopitishiwa umeme ilitoa nuru ya kijani-manjano. Katika hali zote mbili elektroni hushuka kutoka ngazi ya juu ya nishati, na ziada hutoka ikiwa nuru.

3.0 Mchanga wa Mumba

Kanuni hiyo huisaidia pia akiolojia. Katika pango la Mumba, karibu na Ziwa Eyasi wilayani Karatu, mchanga una chembe za kwatzi, yaani madini ya silikoni na oksijeni. Mnururisho wa udongo huzisukuma elektroni, nazo hunaswa katika kasoro za fuwele. Mwanga wa jua huziachilia. Hivyo chembe inapofukiwa, hesabu huanza upya. Maabarani elektroni huachiliwa kwa mwanga maalumu. Wingi wa nuru inayotoka, ukilinganishwa na kiasi cha mnururisho kwa mwaka, hufunua umri wa tabaka.

Kwa njia hiyo, Gliganic na wenzake walieleza mwaka 2012 kuwa zana za awali za mtindo wa Mumba zina umri wa miaka 56,900 hivi, kwa tofauti iwezekanayo ya miaka 4,800. Tabaka la pango hilo lenye zana za mtindo wa Nasera, uliopewa jina la mwamba ulioko Ngorongoro, lilipata miaka 36,800 hivi, kwa tofauti ya miaka 3,400.

4.0 Hitimisho

Huenda mtu akapendelea kusema mwanga uliohifadhiwa. Istilahi hiyo inapotosha, kwani kilichohifadhiwa mchangani ni nishati, wala si nuru. Anayeikubali hataelewa kwa nini sampuli huchukuliwa gizani. Chembe iliyofunuliwa juani hupoteza kumbukumbu yake, na hakuna maabara iwezayo kuirejesha. Kwa hiyo uteuzi wa istilahi sahihi ni sehemu ya kuihifadhi historia ya Karatu na Ngorongoro.