Kabla hujanunua sufuria ya presha

Ikiwa unaishi Meru au Embu, wajua githeri haitaki haraka. Miji hii iko juu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, na huko maji huchemka yakifika karibu digrii 95 badala ya 100. Ndiyo sababu maharagwe hukawia kuiva, na makaa huisha. Ndani ya sufuria ya presha, joto hupita digrii 110.

Lakini usidanganywe na bei. Hakikisha kitako ni kinene, mpira wa kifuniko hauna ufa na tundu la mvuke halijaziba. Uliza pia kama mpira na vali za akiba zinapatikana mjini. Vali ikiziba, kifuniko chaweza kufyatuka na kukuunguza. Kamwe usikifungue kabla mvuke haujaisha.