Pilau ya picha na pilau ya watoto

Jirani yangu huku Kibaha anaandika mapishi na kupiga picha za vyakula. Hana ofisi. Ana nyumba kwenye robo eka, kuku wa kienyeji, mbuzi wawili wa maziwa, matuta ya mchicha na chainizi, na watoto watatu. Alfajiri anakamua, mchana anapika, jioni anapiga picha, usiku watoto wakilala anaandika.

Jumapili moja alipika pilau ya kuku. Saa sita mchana ilikuwa tayari, lakini jua lilikuwa kali, na picha nzuri, anavyosema yeye, hutaka mwanga laini wa saa kumi. Akawapa watoto mihogo na chai, akafunika sufuria, akaiacha mezani na kwenda kukata majani ya mbuzi. Saa kumi akapiga picha zake. Saa kumi na moja akaipasha moto pilau, watoto wakala. Saa mbili usiku yule mdogo, wa miaka minne, akaanza kutapika.

"Dada, kuku wangu, jiko langu, mikono yangu mwenyewe," aliniambia aliponigongea. "Na nimeipasha moto! Kosa liko wapi?"

Hakuna aliyekipima chakula kile, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ni pilau. Lakini muda aliotapika ndio ulionifanya niishuku. Kwenye mchele mbichi mara nyingi huwamo bakteria aitwaye Bacillus cereus. Huyu hujitengenezea mbegu ngumu ambazo hazifi kwa kuchemka. Wali ukikaa na uvuguvugu kwa saa kadhaa, mbegu zile huamka, bakteria huzaana na kutoa sumu. Sumu ikishaingia kwenye wali, kupasha moto hakuiondoi. Mtu hutapika kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula. Wali wenyewe hauna harufu wala ladha ya kukutahadharisha.

Msomaji, huenda nawe ni miongoni mwa wanaopika huku simu iko kwenye stendi. Sikukatazi, kazi hii inalipa ada za shule. Ninachokuomba ni kutenganisha chakula cha kamera na chakula cha familia. Chakula kikiiva, wapakulie watoto kwanza, kingali moto. Kisha weka sahani moja pembeni kwa ajili ya picha, na hiyo ikishakaa nje zaidi ya saa mbili usimpe mtoto. Saa mbili ndicho kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa chakula kilichopikwa kinachokaa bila friji, na kwa joto letu la Pwani mimi ningepunguza. Kinachobaki kwenye sufuria kiwekwe kwenye hotpoti kingali kinafuka moshi, au kitandazwe kwenye sinia kipoe upesi kiingie kwenye friji. Sufuria kubwa iliyofunikwa hukaa na uvuguvugu mpaka jioni, na huo ndio bakteria anaoutaka.

Kuhusu mwanga, jirani yangu amepata dawa yake. Anatundika shuka jeupe dirishani, jua la saa sita linalainika, anapiga picha dakika kumi, kwisha.

Kuna tatizo jingine ambalo wengi hawalifikirii: simu yenyewe. Unaingia nayo bandani kupiga picha ya mayai, unaiweka juu ya kiota, unarudi jikoni unaigusa huku unakatakata kachumbari. Baadaye mtoto anaichukua aangalie katuni, na mtoto hakosi kutia kidole mdomoni. Kuku mwenye afya kabisa, anayetaga vizuri, anaweza kubeba Salmonella au Campylobacter kwenye kinyesi chake. Nawa mikono kwa sabuni ukitoka bandani, na simu uipanguse kabla haijaingia jikoni. Kuku nao wasipande kwenye meza ya kupikia, hata kama wanapendeza kwenye picha.

Tena, macho ya kamera hupenda vitu ambavyo tumbo la mtoto halivipendi. Kiini cha yai kinachotiririka kinavutia, ila yai la mtoto liive mpaka kiini kigande. Kuku aliyechomwa akapata rangi nje anaweza kuwa na damu karibu na mfupa. Baada ya picha, mrudishe jikoni mara moja aive. Maziwa ya mbuzi kwenye jagi la udongo? Yachemshwe kabla mtoto hajayaonja.

Mtoto akishaanza kutapika au kuharisha, changanya pakiti ya ORS kwenye kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, mara nyingi lita 1, na utumie ndani ya saa 24. Kila baada ya choo cha majimaji, wa chini ya miaka 2 apate robo hadi nusu kikombe cha chai. Mkubwa zaidi apate nusu kikombe hadi kizima. Akitapika, subiri dakika 10, kisha mpe kijiko kimoja kimoja taratibu. Anayenyonya aendelee kunyonya, anayekula aendelee kula. Kwa anayeharisha, uliza kituo cha afya kuhusu vidonge vya zinki, ambavyo hutolewa kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma.

Usisubiri asubuhi ukiona macho yamedidimia, analia bila machozi, hapati mkojo, amelegea au ni mgumu kuamka, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, au kuna damu kwenye choo. Mkimbize kituo cha afya usiku huohuo.

Yule mdogo wa jirani yangu alipona baada ya siku moja ya ORS. Jumapili iliyofuata nilipita pale saa saba. Watoto walikuwa wanaosha sahani zao. Mezani, chini ya shuka jeupe, ilibaki sahani moja ya pilau, na mama yao alikuwa juu ya kigoda anatafuta pembe nzuri.

"Hii ni ya picha tu," akasema kabla sijauliza. "Usije ukaila, dada."