Dawa ya Mbu Itumiayo Umeme

Lushoto ni juu milimani, na baridi huwapunguza mbu. Lakini Mombo, chini bondeni, mbu ni wengi. Mtu wa milimani ashukapo huko huugua malaria vibaya, kwa kuwa mwili wake haukuizoea.

Katika nyumba zenye umeme wengine huchomeka ukutani kichupa cha dawa. Ndani yake mna utambi unyonyao dawa, kama ule wa taa ya mafuta, na umeme huipasha moto ncha yake. Dawa haiwaki, bali hugeuka mvuke, ikaenea chumbani. Imefanywa kwa kuiga sumu ya ua la pareto: huvuruga mishipa ya fahamu ya mbu, hata akalegea na kuanguka.

Umeme ukikatika usiku, utambi hupoa, mvuke hukoma, na mbu huja tena. Naye aliyeondoa chandarua chake hana kinga.